Divisheni ya askari wa miguu ni nini hasa?

Karibu na Jogoo Road, Nairobi, lipo soko la nyama liitwalo Burma. Tangu alfajiri mapanga yanagonga magogo, na kabla hujasalimia umeshaulizwa kama unataka mbavu au paja. Wazee wa Eastlands hueleza kuwa jina hilo lililetwa na askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Wengi wao walikwenda Burma, nchi tunayoiita leo Myanmar, ndani ya kundi moja: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Neno hilo linatajwa sana kwenye habari za vita, lakini ni nadra kufafanuliwa. Kwetu divisheni lilikuwa pia jina la tarafa, na wanafunzi nao hulitumia kwa matokeo ya mitihani, kwa hiyo si ajabu likichanganya.

Tuanzie chini. Seksheni ni askari kama kumi wakiongozwa na koplo. Seksheni tatu zinafanya platuni, platuni chache zinafanya kombania, na kombania kadhaa zinafanya batalioni yenye watu wapatao 800. Katika mpango wa Waingereza wa wakati ule, batalioni tatu zilifanya brigedi, na brigedi tatu zikafanya divisheni, chini ya meja jenerali.

Sasa piga hesabu. Batalioni tisa mara 800 ni watu 7,200. Mbona basi divisheni ya Uingereza ilikuwa na watu 17,000 au 18,000? Hao wengine ndio maana yenyewe ya neno. Ni wapiga mizinga, wahandisi wa madaraja na barabara, mafundi wa redio na simu, madereva, madaktari na wabeba machela, makanika, wapishi, polisi wa jeshi. Batalioni ikiachwa peke yake itaishiwa risasi na chakula baada ya siku chache. Divisheni imeundwa ili ipewe eneo lake na ipigane humo kwa wiki nyingi, ikijilisha, ikijitibu na kujifungulia njia.

Katika Vita vya Kwanza kazi hiyo ya nyuma ilibebwa vichwani. Sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue, iliyozinduliwa 1928, ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayowataja wachukuzi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ndio hao walioachia mtaa wa Kariokor jina lake. Nadhani hakuna maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo: mwenye bunduki huenda pale tu anapoweza kufikishwa.

Divisheni ya 11 iliundwa Februari 1943, nembo yake ikiwa kichwa cha kifaru, ikapelekwa Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Ilikuwa na brigedi za 21, 25 na 26, na kiini chake kilikuwa batalioni za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari Waafrika, ambazo watu waliziita Keya. Brigedi ya 25, kwa mfano, ilikuwa na batalioni kutoka Kenya, Tanganyika na Uganda. Mkamba, Mnyamwezi na Mwacholi walielewana kwa Kiswahili, na afisa Mzungu ilimbidi ajifunze. Lakini maafisa wenye kamisheni walikuwa Wazungu, na Mwafrika alilipwa kidogo mno kuliko wao. Hilo lisifichwe nyuma ya sifa za ushujaa.

Mtihani wake ulikuwa bonde la Kabaw, Burma, kuanzia Agosti 1944. Wajapani walikuwa wakirudi nyuma baada ya kushindwa Imphal na Kohima, miji ya India karibu na mpaka wa Burma, na divisheni, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, iliamriwa kuwafuata kutoka mji wa Tamu katikati ya mvua za masika. Hapa ndipo utaona faida ya kuwa na brigedi zaidi ya moja: sehemu ya askari ilielekea mashariki hadi Sittaung kwenye mto Chindwin, huku wengine wakishuka kusini bondeni.

Barabara iligeuka tope. Wahandisi walikata miti na kupanga magogo ubavu kwa ubavu ili magari yasizame. Magari yaliposhindwa kabisa, chakula na risasi vilidondoshwa na ndege. Malaria iliangusha watu kama risasi zilivyoangusha, na mgonjwa alibebwa kwa machela kwenye tope lile lile. Kati ya Novemba na Desemba 1944 waliingia mji wa Kalemyo, wakakutana na Divisheni ya 5 ya India, kisha wakaiteka Kalewa, wakavuka Chindwin na kushika ng'ambo. Hapo wahandisi wa jeshi walitandaza daraja linaloelea lenye urefu wa futi 1,154, na divisheni nyingine zikapita juu yake kuelekea katikati ya Burma. Divisheni ya 11 ilirudishwa India kupumzika.

Waafrika Mashariki hawakuondoka wote. Brigedi ya 28, iliyokuwa nje ya divisheni hiyo, iliendelea hadi mto Irrawaddy mapema 1945. Hiyo ilikuwa brigedi ya kujitegemea kwa jina, lakini ilipigana chini ya makao makuu ya wengine.