Anayeruka jioni kwenye minazi si nondo, na haui mnazi

Jamani, picha ileile nimetumiwa tena: kuti limeliwa, chini yake maneno "nondo wanamaliza minazi yangu, nipulize dawa gani?" Usipulize kitu, soma kwanza.

Huyo ni Zophopetes dysmephila, familia ya Hesperiidae, yupo pwani yetu mpaka Afrika Kusini, anakula minazi, mikindu na mitende. Ni kipepeo. Ndiyo, ni mnene, kahawia, na anaruka jioni, lakini saa ya kuruka haiamui chochote, mbona kuna nondo kibao wanaoruka mchana kweupe! Mtazame vipapasio: vinanenepa mwishoni halafu ncha inajipinda kama ndoana. Tena niseme wazi, mpaka kati ya kipepeo na nondo hauko imara kama vitabu vinavyoutangaza. Kiukoo vipepeo wote ni tawi tu ndani ya nondo, na Australia kuna ndugu yake, Euschemon rafflesia, ambaye dume lake lina kile kishikizo cha kuunganisha mbawa tunachofundishwa kwamba ni cha nondo peke yao.

Haya, uharibifu. Kiwavi anavuta kingo za jani moja la kuti, anazifunga kwa nyuzi zake, mchana kutwa anajificha humo ndani, usiku anatoka kula pembeni na kuacha chelewa, ule uti wa katikati ya jani, imesimama. Fungua utamkuta, au ukute pupa aliyejaa poda nyeupe ya nta. Anakula majani yaliyokwisha kufunguka tu, kileleni hagusi, na mnazi mkubwa unaendelea kutoa makuti mapya kama kawaida.

Anayeua ni chonga, yule mbawakawa mwenye pembe! Yeye anatoboa kilele na kutafuna kuti likiwa bado limekunjwa, kwa hiyo likija kufunguka unaona limekatwa V pande zote mbili utadhani mtu kapitisha mkasi, na akiufikia moyo wa mnazi basi, mti umekwisha. Sasa wewe unaona V unamlaumu kipepeo, unapuliza dawa juu, chonga yuko ndani ya shimo hata haimfikii, unachoua ni majimoto, wale siafu wa miti wanaofukuza kunguni wa minazi, na kunguni hao ndio wanaofanya vidaka, yaani nazi changa, vidondoke.

Ukiona V mtoe chonga shimoni kwa waya wenye ncha iliyopindwa, halafu ondoa magogo ya minazi yaliyooza na lundo la samadi pale shambani, maana mabuu yake yanakulia humo.