Jurawa ni ndege gani hasa?

Mtu wa Unguja akisema jurawa, mara nyingi amekusudia kindege chochote cha kahawia kinachorukaruka uani. Lakini neno lina mwenyewe. Jurawa ndiye yule anayeitwa pia shomoro, na huyu wa Mjini kwetu ni shomoro wa majumbani, ambaye jina lake la kisayansi ni Passer domesticus. Hilo "domesticus" ni Kilatini, maana yake wa nyumbani, na limempata barabara: watu wakihama mahali, naye kwa kawaida hakawii kutoweka nyuma yao. Hata visiwani hakuja mwenyewe. Aliletwa na watu, na weupe wa mashavu yake unaonyesha ukoo wa Bara Hindi.

Wengi hudhani kuna jurawa aina mbili. Nami nilidhani hivyo miaka mingi, mpaka asubuhi moja nimekaa barazani Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, nikawaona wawili wanaingia tundu moja ukutani, pale ncha ya boriti ilipooza. Mmoja alikuwa na utosi wa kijivu, ubavu wa kichwa hudhurungi iliyokolea, na doa jeusi kuanzia chini ya mdomo hadi kifuani. Mwenziwe hakuwa na pambo: kahawia iliyopauka, michirizi mgongoni, na mstari hafifu wa rangi ya maziwa nyuma ya jicho. Wa kwanza alishika uzi wa usumba mdomoni, wa pili unyoya wa kuku. Mume na mke.

Lile doa la dume lina habari yake. Akishabadilisha manyoya, yale mapya ya kooni huwa na ncha za kijivu, weusi umefichika chini. Siku zikienda ncha zinalika kidogo kidogo, na weusi unatokeza. Kwa hiyo ukimwona dume kakolea kooni, hakuota manyoya mengine. Ni yale yale yaliyochakaa yakampendeza. Mimi sijaona pambo la ndege linalonistaajabisha kuliko hili. Mdomo wake nao hugeuka mweusi wakati wa kuzaa.

Usimchanganye na mnana. Mnana ana umanjano, hata jike lake, na kiota chake amekisuka kikaning'inia kwenye kuti la mnazi. Jurawa hasuki hivyo. Yeye hujaza tundu: nyasi, uzi, karatasi, manyoya, chochote kilaini. Nyumba za Mji Mkongwe, za mawe na chokaa, zimemfaa kwa nyufa zake, na hata mabati yenye upenyo chini yake anayakubali.

Chini hatembei, huruka kwa miguu yote miwili pamoja. Chakula chake hasa ni nafaka, ndiyo maana bibi akipeta mchele uani jurawa wameshafika kabla ungo haujatua. Ila makinda huwalisha wadudu kwa wingi, maana kinda hakui kwa chenga peke yake. Huoga mchangani, akijitimulia vumbi mpaka kwenye ngozi, kisha jioni hukusanyika mtini na wenziwe kwa kelele nyingi kabla ya kulala. Adui yake anayeonekana zaidi Mjini ni kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, ambaye hula mayai na makinda ya ndege wadogo.

Jike hutaga mayai kama 3 hadi 5. Huatamiwa siku zipatazo 12, dume naye akimpokea jike mara kwa mara, kisha makinda hukaa ndani wiki mbili hivi. Basi fundi akija kutia chokaa ukutani, mwambie atege sikio kwenye tundu kabla hajaliziba. Akisikia mlio mwembamba, wa haraka haraka, tundu lile liachwe la mwisho. Wiki mbili tu, litakuwa tupu.