Kitanda cha sita kwa sita na godoro la Muscat

Mteja aliagiza kitanda cha sita kwa sita. Kila seremala wa Keko anajua sita kwa sita ni nini: futi sita upana, futi sita urefu, saizi ya godoro unalolikuta duka lolote la magodoro Dar es Salaam. Kikachongwa kwa mninga, kikapigwa vanishi mikono mitatu, kikapakiwa kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwenda Kigamboni. Saa kumi jioni simu ikaita. Godoro haliingii.

Yule kaka alikuwa amerudi kutoka Muscat, alikofanya kazi miaka kadhaa, na godoro lake alikuja nalo. Lilikuwa la sentimita 180 kwa 200. Futi sita ni sentimita 183 hivi, kwa hiyo upana uliingia na nafasi ndogo ikabaki, ila urefu ulipungua sentimita 17. Yeye alisema sita kwa sita kwa sababu ndugu zake walimwambia hilo ndilo jina la kitanda kikubwa. Fundi alisikia sita kwa sita, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Kurekebisha kulitaka mbavu mbili mpya na chaga za ziada, shilingi 70,000. Vanishi na msasa 20,000. Kirikuu kukirudisha na kukipeleka tena, 80,000. Ufundi 45,000. Jumla 215,000, kwenye kitanda ambacho faida yake tuliipangia 180,000. Karakana ilifanya kazi siku sita ikaishia kumlipa mteja 35,000 ili akubali kulala.

Mimi si seremala. Ni mhasibu, nashika vitabu vya karakana nne ndogo za samani, na mafundi wananiita dada mahesabu, wakati mwingine kwa upendo. Nilipoanza nilidhani kazi yangu ni risiti na kodi. Nimekuja kuona kwamba ukinipa daftari la karakana inayozama, nikafuatilia shilingi zilipopotelea, mara nyingi sifiki kwa mwizi wala kwa bei ya mbao. Nafika kwenye mazungumzo ya dakika mbili ambayo hayakufanyika. Hapa pangekuwa swali moja tu: godoro unalo tayari? Basi lipime, unitumie picha ya futi kamba ikiwa juu yake.

Siku hizi swali hilo limechapwa kwenye karatasi ya kazi. Karatasi yenyewe ni nusu ya A4. Ina namba ya kazi, mchoro wa mkono, vipimo vyote kwa sentimita (futi tunaruhusu mdomoni tu), aina ya mbao, rangi, nani anasafirisha, bei, malipo, tarehe, na saini mbili. Mteja anatumiwa picha yake kwenye WhatsApp, nakala inabaki kwenye faili. Wazee wa kazi walinipinga mwanzoni. Mmoja aliniambia kumwandikisha mteja ni kumwambia humwamini, hasa kama ni jirani au mtu mliyesali naye. Nikamkumbusha kuwa wazee hao hao ndio waliosema mali bila daftari hupotea bila habari. Akanijibu kwamba methali hiyo inahusu mali, na yeye hana mali.

Alikuwa na hoja, na hiyo inanipeleka kwenye bei.

Ukimuuliza fundi kabati la nguo la milango mitatu ni shilingi ngapi, atakutajia bei ambayo jirani yake aliuza wiki iliyopita, kisha atapunguza kidogo. Mahesabu yake ya gharama ni mbao na ufundi. Bawaba, vitasa na reli za droo anavikumbuka njiani kuelekea dukani. Gundi, skrubu, msasa na kunoa misumeno havikumbuki kabisa. LUKU, pango na mlinzi anaviona kama mambo ya mwisho wa mwezi, kana kwamba kabati halikutumia umeme.

Njia ninayowafundisha ni ya siku ya meza. Chukua gharama zote ambazo utalipa hata kama hujapata oda: pango, umeme wa kawaida, mlinzi, leseni, vocha za simu. Karakana moja ninayoishikia hesabu inafikisha 780,000 kwa mwezi. Siku za kazi ni 26, kwa hiyo kila kukicha karakana imeshakula 30,000 kabla randa haijanguruma. Ina meza mbili za kazi, basi kila meza inadaiwa 15,000 kwa siku. Kabati likikaa mezani siku nne, ongeza 60,000 kwenye gharama zake. Likikaa siku saba kwa sababu mteja hajachagua rangi, ongeza 105,000. Hapo ndipo fundi anapoelewa kwa nini namsumbua ampigie mteja leo, asisubiri kesho.

Punguzo nalo lina mtego wake. Tuseme kabati lina gharama ya 640,000 na umeongeza asilimia 30, yaani 192,000. Bei ni 832,000. Mteja anaomba umpunguzie asilimia kumi tu, na kumi inasikika ndogo. Kumi ya 832,000 ni 83,200, na hiyo haitoki kwenye mbao wala kwenye bawaba, kwa sababu duka la bawaba halijui habari za punguzo lako. Inatoka kwenye ile 192,000. Umetoa zaidi ya asilimia 43 ya faida kwa kutikisa kichwa mara moja. Mimi nawaambia, ukitaka kupunguza bei punguza kitu: reli za kawaida badala ya zile zinazojifunga taratibu, mgongo wa ubao mwembamba, au mteja asafirishe mwenyewe. Akikataa vyote hivyo na bado anataka kumi, basi ameshakuonyesha kwamba kabati analitaka kama lilivyo.

Lakini ugonjwa mkubwa wa karakana ni advansi. Bei mbaya inakuumiza kazi moja. Advansi iliyochanganywa inaumiza zote kwa pamoja, na inakuumiza polepole huku mfuko ukionekana umejaa.

Siku moja nilifika karakana mojawapo, bosi akaniambia biashara ni nzuri, kazi tisa ziko mkononi. Nikamwomba tukae chini, tuandike kila kazi: bei yake, advansi iliyopokelewa, na kiasi kinachohitajika kuimaliza kuanzia leo. Hiki cha tatu watu hawakiandiki, kwa sababu inabidi uende ukaangalie kila kipande kimefika wapi. Tulizunguka karakana nzima na kalamu. Bei za kazi zote zilikuwa 7,400,000. Tayari tulishapokea 4,900,000, tukabaki tunadai 2,500,000. Kumaliza kazi zote kulihitaji 3,150,000. Mkononi na kwenye simu kulikuwa na 210,000. Ukijumlisha tunachodai na kilichopo, halafu ukatoa kinachohitajika, unapungukiwa 440,000. Yaani wateja wote wakilipa mpaka senti ya mwisho, na hakuna kitu kikiharibika, bado kabati moja halitatoka.

Bosi alikaa kimya, halafu akasema: “Ndiyo maana tunahitaji oda mpya.” Huko ndiko kuchimba shimo ili kufukia shimo. Advansi ya mteja wa kumi inanunua mbao za mteja wa nne, na wa kumi anasubiri wa kumi na tatu. Unakuja kujua pale oda zinapopungua, kwa mfano Januari watu wanapolipa ada za shule, na mnyororo wote unakatika siku moja.

Tulichofanya hakikuwa cha kitaalamu sana. Tulipata laini ya pili ya simu kwa ajili ya advansi tu. Pesa ikiingia asubuhi, mbao na bawaba za kazi hiyo ziingie stoo kabla ya jioni, zikiwa zimeandikwa namba ya kazi kwa chaki. Kwa mbao huwezi kulipia ada ya mtoto. Malipo tukayagawa: asilimia 60 mwanzo, ambayo inatosha vifaa na kubakiza kidogo, 30 kitu kikishasimama, kabla ya vanishi, mteja akija kukiona kwa macho yake, na 10 kabla ya kupakia. Kabla, si baada. Mzigo ukishapanda Kirikuu, wewe ndiye unayembembeleza. Bosi naye akajipangia posho ya kila Jumamosi, akaacha kuchota. Hiyo posho ilileta maneno mengi nyumbani kwake kuliko yote niliyoyasema hapa, na sitayaandika. Ile 440,000 ilichukua miezi mitano kuzibika.

Maneno mawili yanayogharimu karakana kuliko msumeno mbovu ni “haina shida”. Mteja anapita jioni, kabati limesimama, anafurahi, anasema fundi niongezee tu droo mbili hapo chini. Fundi naye amefurahi kusifiwa: haina shida mama. Droo mbili ni mbao, reli seti mbili, vishikio, na karibu siku nzima ya meza. Siku ya kulipa mama anakumbuka bei ya zamani, na fundi anaona aibu. Nimewafundisha jibu jingine: “Inawezekana mama, jioni nakutumia bei na siku zitakazoongezeka.” Hujamkatalia wala hujamkubalia. Ikifika jioni unatuma ujumbe wa maandishi, si wa sauti. Sauti ya dakika tatu hakuna atakayeirudia kutafuta ulisema 85 au 95. Akijibu sawa, unaandika kwenye karatasi ya kazi kama nyongeza namba moja. Wengi wao hughairi droo wenyewe.

Ndani ya karakana mawasiliano yetu ni ubao ukutani. Niliwahi kujaribu programu ya simu, ikadumu wiki mbili. Mafundi wana vumbi mikononi, vijana wanaojifunza kazi hawana bando, na aliyekuwa nalo alikuwa anaangalia mpira. Ubao una safu tano: namba ya kazi, imefika hatua gani, iko kwa nani, inasubiri nini, na imeahidiwa lini. Saa moja na nusu asubuhi wote wanasimama mbele yake dakika kumi, chai mkononi. Safu ninayoisoma mimi ni ya nne. “Inasubiri kioo” inamaanisha kioo kilipaswa kuagizwa siku ya kwanza, pamoja na mbao, kwa sababu mtu wa vioo ana foleni yake na hajali Ijumaa yako. Kitambaa cha sofa na sponji vivyo hivyo.

Masika nayo ina mahali pake ubaoni. Kuanzia Machi hadi Mei vanishi inachelewa kukauka, na laka ikipulizwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi inaweka ukungu mweupe. Ukiona hivyo umeshapoteza siku nyingine. Kwa hiyo miezi hiyo tunaongeza siku tatu kwenye kila ahadi inayohusu kupiga rangi. Wateja hawajawahi kulalamika juu ya siku tatu walizoambiwa mapema. Wanalalamika juu ya moja waliyoipata mlangoni.

Na kazi ikichelewa, anayepiga simu ni sisi, na tunapiga siku tunapojua. Nina maneno niliyoyabandika karibu na ubao kwa wanaoogopa: “Shikamoo mama. Kabati lako halitatoka Ijumaa, reli tulizonunua zilikuwa mbovu tumezirudisha. Litatoka Jumanne. Jumatatu nitakutumia picha.” Sababu moja, siku moja. Mama atakasirika dakika mbili. Fundi anayezima simu Ijumaa anakasirikiwa na mtaa mzima.

Nitaje VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haraka, maana kuna karakana yangu moja iliyosajiliwa. Kiwango cha lazima kusajiliwa kilipanda mwaka 2023 kutoka mauzo ya milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, hivyo wengi wenu haiwahusu. Inayemhusu aandike kwenye kila bei “pamoja na VAT” au “bila VAT”. Karakana hiyo ilitaja milioni 5 kwa meza za ofisi, ikinyamaza, mteja akadai ni pamoja. VAT yake ilikuwa asilimia 18, kwa hiyo ukigawanya kwa 1.18 unabaki na 4,237,288. Zilizobaki, 762,712, ni za serikali, na bosi alikuwa ameshazipangia mashine ya kuranda.

Kazi za ndugu ndizo zilizonishinda muda mrefu. Mwaka huu wifi yangu alitaka makabati ya jikoni kwenye karakana ninayoishikia hesabu, nikampelekea karatasi ya kazi asaini. Alicheka sana. “Wifi, hata mimi?” Akasaini. Wiki ya pili akasema tumwongezee droo mbili chini ya sinki. Nikamwambia jioni nitakutumia bei. Nikatuma: 95,000 na siku moja zaidi.

Alisoma, akakaa kidogo, akajibu kwamba chini ya sinki pakibaki wazi pia panapendeza.