Woga Kazini Hautoki kwa Kuambiwa "Msiogope"

Ajenda ya mwisho ya vikao vingi vya kazi ni "mengineyo". Mwenyekiti anatazama huku na huku, anauliza kama kuna mwenye neno, watu wanainamia madaftari yao, kikao kinafungwa. Muda si mrefu yale yaliyokosekana mezani yanasikika koridoni na kwenye kundi la WhatsApp ambalo bosi hayumo. Wakuu wengi huhesabu kimya hicho kuwa ni kukubali. Sisi tunaoshughulika na usalama wa wagonjwa hukihesabu kuwa ni dalili.

Sekta ya anga iliijua dalili hiyo kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, ndani ya ukungu, wakafa watu 583. Rubani wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, alianza kuondoka kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Mhandisi aliyekuwa naye aliuliza kama ile ndege nyingine, ya Pan Am, imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Yeye ndiye aliyekuwa mkufunzi mkuu wa aina hiyo ya ndege katika kampuni yake, na hakuna aliyemwuliza tena. Ajali hiyo na nyingine za miaka ile ziliyafanya mashirika ya ndege yaanze kuwafundisha wakubwa kusikiliza na wadogo kusisitiza.

Wapo wanaosema sisi tunashindwa kusema kwa sababu ya mila zetu za heshima. Sikubaliani nao. Rubani yule na wenzake walikuwa Waholanzi. Hawakulelewa kwa shikamoo. Woga huzaliwa pale mtu anapojua kwamba akisema ataumia, na hilo halina kabila. Tena heshima yenyewe inaweza kubeba neno zito vizuri tu: "Samahani daktari, nina wasiwasi. Dozi hii si ile iliyoandikwa jana. Naomba tusimame kidogo tuhakiki." Hapo hakuna aliyevunjiwa adabu, na mgonjwa amepona.

Hospitali zilichelewa kujifunza somo hilo. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji, ilijaribiwa katika miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara mkoani Morogoro. Ina vipengele 19, na timu husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Lakini mwaka 2014 watafiti waliopima hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, hawakuona punguzo la maana. Ni karatasi ileile! Maelezo yapo mengi. Mimi naegemea lile linalojulikana kwa yeyote aliyewahi kujaza fomu za serikali: tiki inaweza kuwekwa bila mtu kufungua mdomo. Kipengele ninachokithamini kuliko vyote katika orodha ile ni kile kinachomtaka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Aliyekwisha kusema mara moja, hata kama ni jina lake tu, hapati kigugumizi sana akiona kisu kinaelekea mguu usiohusika.

Kwa hiyo kiongozi asisubiri watu wapate ujasiri. Ayafanye maneno yawe sehemu ya kazi. Wakati wa kukabidhiana zamu, kila mmoja ataje jambo moja linalomtia wasiwasi, akianza mwenye cheo kidogo. Mkubwa akitangulia, wengine wataitikia tu. Badala ya "kuna swali?", aulize "mpango huu utakwamia wapi?"

Kisha atarajie takwimu zake kuharibika. Miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani, akakuta timu zilizoongozwa vizuri zina makosa mengi zaidi yaliyogunduliwa. Maelezo yake: huko watu waliyasema, kwingineko waliyaficha. Meneja anayejisifu kwamba idara yake haijaripoti kosa mwaka mzima, mimi ningemtembelea kesho asubuhi.

Sanduku la maoni lenye kufuli silipingi, ila halijengi imani, kwa kuwa anayetumbukiza karatasi haoni uso wa anayeisoma. Lina kazi yake mahali pengine. Mfanyakazi anayeombwa rushwa ya ngono au kutishiwa na mkuu wake asiambiwe "funguka kikaoni". Huyo anahitaji njia ya siri na chombo chenye mamlaka juu ya huyo mkuu.

Kwa mengine yote, wafanyakazi watampima kiongozi kwanza kwa jambo dogo: glavu zimeisha, ratiba ina kosa. Akikunja uso, habari za dozi hatazipata. Amshukuru aliyesema, amwulize ameona nini hasa, na ndani ya wiki hiyo arudi kumwambia mbele ya wenzake kilichofanyika, hata kama jibu ni kwamba fedha hakuna.