"Hesabu za darasa la pili, nani hazijui?"

Juzi nimeisikia tena kauli hiyo, safari hii kutoka kwa mzazi aliyemleta binti yake kwenye chuo chetu cha ualimu. Binti ana alama nzuri za hisabati, sasa kuna haja gani ya kusomea kufundisha kujumlisha na kutoa? Wanachuo wengi huingia na fikra hiyohiyo, na inaniuma kwamba wengine humaliza nayo. Kwa sisi wakufunzi wa hisabati hakuna dhana inayotugharimu kama hii.

Chukua 52 toa 27. Mtoto ameandika 35. Mwanachuo wangu akiwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, alipiga mkasi wa kosa, akaandika "rudia", akaenda dawati la pili. Nikachuchumaa nikamwuliza mtoto amefanyaje. "Mbili toa saba haiwezekani, kwa hiyo nimefanya saba toa mbili, tano. Halafu tano toa mbili, tatu." Mtoto hakubahatisha. Ana kanuni, ila ni mbovu, na kesho ataitumia tena. Mwanachuo alipoelezwa, akarudi ubaoni na kupaza sauti: "Hapa tunakopa kwa jirani!" Dakika kumi baadaye nusu ya darasa walikuwa wanakopa hata kwenye 58 toa 23.

Kilichohitajika ni vifungu vitano vya njiti kumikumi na njiti mbili za pembeni. Fungua kifungu kimoja: sasa una njiti 12 na vifungu vinne. Toa saba, toa vifungu viwili, hesabu: 25. Lakini ili ufikie hapo lazima kwanza uione 35 ujue imetokea wapi, na ujuzi huo mtihani wa kidato cha nne haukupimi.

Lee Shulman, msomi wa elimu wa Marekani, aliueleza mwaka 1986: kuna maarifa ya somo, na kuna maarifa ya kulifundisha somo hilohilo. Mwaka 2005 watafiti Heather Hill, Brian Rowan na Deborah Ball walionyesha, huko Marekani, kwa walimu wapatao 700 wa darasa la kwanza na la tatu, kwamba wanafunzi wa walimu wenye maarifa haya walipiga hatua zaidi. Katika maswali ya aina yao, wanafunzi watatu wamezidisha 35 kwa 25, kila mmoja kwa njia yake, wote wamepata 875. Mwalimu aseme njia ipi itafaa kwa namba zozote nzima. Nimewahi kuwapa wanachuo wenye alama za juu swali hilo, wakakaa kimya.

Wapo pia wanaosema kazi inajifunzwa BTP, chuo ni makaratasi tu. BTP ni muhimu, sibishi. Ila mwanasosholojia Dan Lortie aliandika mwaka 1975 kwamba kila mwalimu ameshakaa darasani maelfu ya saa akiwa mwanafunzi, akiangalia wengine wanavyofundisha. Usipomwongoza, ataiga alichokiona akiwa na miaka minane.

Andalio la somo lililoandikwa vizuri na vizibo vya soda mezani si somo. Kama vizibo vinahesabiwa mojamoja na hakuna anayefunga kumi, hakuna makumi yaliyofundishwa. Utafiti wa nchi sita za Afrika uliochapishwa 2013, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, uliwakuta walimu wapya wakijiamini kuliko uelewa wao wa jinsi watoto wanavyojifunza kusoma na kuhesabu.

Na hili la kuwagawa watoto kuwa wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia na kwa kutenda, tuliache. Mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti mwaka 2008, hawakuona ushahidi wa kutosha wa kupangia masomo kwa mgawanyo huo.

Wanachuo wangu sasa hawaendi BTP kabla ya kusoma daftari 20 za watoto halisi. Kila kosa wanaliandikia mstari mmoja: mtoto aliwaza nini? Mkasi mwekundu hauruhusiwi hadi mstari huo ujazwe.