Moshi wa Magari Langoni mwa Shule na Kinga ya Mwili wa Mtoto

Tangu muhula huu uanze, malalamiko yanayofika katika ofisi zetu za afya ya umma za hapa Mombasa kuhusu moshi wa magari karibu na shule yameongezeka, mengi yakitoka kwa wazazi wa Changamwe, Magongo, Mikindani na Jomvu, ambako malori ya makontena yaingiayo na yatokayo bandari ya Kilindini hupanga foleni kando ya njia wapitazo watoto. Tunawashukuru waliojitaabisha kuandika. Hata hivyo, baadhi ya malalamiko hayo yamejengwa juu ya dhana zinazomfanya mzazi atafute kinga mahali isipokuwepo, na mengine yamepelekwa kwa ofisi ambazo kisheria haziwezi kuyashughulikia.

Wengi hupima ubaya wa gari kwa weusi wa moshi wake. Moshi mweusi ni mbaya, lakini sehemu kubwa ya kinachodhuru haionekani kwa macho. Chembechembe zinazotutia wasiwasi zaidi zina kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, na unywele mmoja wa binadamu unazishinda kwa unene takriban mara 30. Vumbi la kawaida hunaswa na vinyweleo vya pua na ute wa koo. Hizi hupita, zikafika hadi vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na zile ndogo kabisa huvuka zikaingia katika damu. Pamoja nazo huja gesi ya naitrojeni dioksaidi, inayotoka kwa wingi katika injini za dizeli. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka kinachopendekezwa kwa chembechembe hizo kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na kile cha naitrojeni dioksaidi kutoka 40 hadi 10. Viwango havishushwi hivyo kwa ajili ya kuwatisha watu. Vilishushwa kwa kuwa ushahidi ulionyesha kwamba madhara huanza mapema kuliko ilivyodhaniwa.

Mtoto huvuta pumzi kwa kasi kuliko mtu mzima, na kwa kila kilo ya uzito wake huingiza hewa nyingi zaidi. Mapafu yake yangali yanakua, na kinga yake ingali inajifunza kutofautisha adui na asiye adui. Zaidi ya hayo, ni mfupi. Atakayesimama langoni mwa shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi ataona kwamba ekzosi ya tuktuk iliyoegeshwa ikinguruma haimfikii mzazi kiunoni, ilhali mtoto wa chekechea aliyeshikwa mkono nyuma yake ameupokea moshi huo karibu usawa wa uso.

Ndani ya mapafu kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na uchafu kisha kuvisaga. Masizi ya dizeli hayasagiki. Seli iliyojaa masizi huwa kama bawabu aliyebebeshwa mizigo mikono yote miwili: mwizi akipita, anamwona lakini hawezi kumkamata. Ndiyo maana mtoto anayeishi au kusoma kando ya barabara kuu huwa katika hatari zaidi ya kikohozi kisichokwisha, pumu na nimonia, hata kama nyumbani analishwa vizuri.

Kuna upande wa pili, ambao hauzungumzwi sana. Kinga ya mwili ina seli za kushambulia na seli za kutuliza, na hizi za kutuliza ndizo zinazoamuru mashambulizi yakome adui anapokwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford kwa watoto 221 wa miaka 6 hadi 8 katika mji wa Fresno, Marekani, uliochafuka hewa kwa kiasi kikubwa, ulionyesha kwamba uvutaji wa hewa chafu ulihusiana na mabadiliko ya alama za kikemikali zinazokaa juu ya jeni zinazoongoza kinga, na pia na shinikizo la damu lililo juu zaidi. Jeni zenyewe hazibadiliki. Kinachobadilika ni jinsi zinavyowashwa na kuzimwa. Tunasema ulihusiana, wala hatusemi kwamba kila mtoto wa Fresno, au wa Changamwe, ataugua. Mzazi asilisome jambo hili kama hukumu juu ya mwanawe.

Sasa tuje kwenye dhana. Ya kwanza ni kwamba Mombasa ina upepo wa bahari, kwa hiyo moshi hupeperushwa. Kusi na kaskazi husaidia kweli, nasi tuna nafuu kuliko miji mingi ya bara. Lakini mtoto aliye mita mbili kutoka kwenye ekzosi huuvuta moshi kabla upepo haujaufikia, na saa za asubuhi, foleni inapokuwa kubwa, mara nyingi upepo kutoka baharini haujashika kasi. Moshi wa barabarani hupungua sana mtu anaposogea mita mia mbili au tatu kutoka barabara kuu. Kinachomsaidia mtoto kwanza ni umbali.

Ya pili ni kwamba maziwa humsafisha kifua mtoto aliyevuta moshi. Hili tumelieleza mara nyingi, na inaelekea itabidi tuendelee kulieleza: maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani. Maziwa ni chakula bora kwa mtoto, lakini hayaoshi kifua.

Ya tatu ni kwamba mtoto atazoea. Pua huzoea harufu, mapafu hayazoei masizi. Wapo pia wanaosema kwamba mtoto amepata chanjo zote, kwa hiyo yuko salama. Chanjo ya nimonia, ambayo Kenya iliiingiza katika ratiba ya watoto mwaka 2011, ni muhimu mno na asiyemaliza dozi zake apelekwe kliniki bila kukawia. Ila chanjo hukinga dhidi ya vijidudu maalumu, haizuii moshi kuingia. Kuhusu leso au barakoa ya kitambaa, chembechembe tulizozitaja hupenya kwa urahisi.

Madereva nao hutuambia kwamba mafuta ya siku hizi ni safi. Ni kweli kwamba petroli yenye madini ya risasi iliondolewa nchini mwaka 2006, na kwamba salfa katika dizeli ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Mafuta hayo yakiingia katika injini yenye injekta mbovu na kichujio cha hewa kilichoziba, moshi ni ule ule. Anayetaka kujionea afute kioo cha dirisha la darasa linalotazama barabara kwa kitambaa cheupe chenye unyevu: vumbi la udongo huacha doa jekundu linalotoka likioshwa, masizi ya dizeli huacha doa jeusi la kunata linalopakaza kila linapoguswa.

Tungependa pia kusema, kwa heshima, kwamba si malori pekee. Baadhi ya wazazi wanaotuandikia kuhusu malori huwasubiri watoto wao langoni injini ikinguruma robo saa nzima ili kiyoyozi kisizime. Gari lililoegeshwa lizimwe. Walimu wakuu wanaweza kuhamisha mahali pa kushushia wanafunzi hadi lango la nyuma, na mstari wa asubuhi ukafanyiwa upande usiotazama barabara. Mambo haya hayahitaji kibali cha ofisi yoyote.

Kuhusu sheria, Kanuni za Trafiki zinataka gari litunzwe na litumiwe bila kutoa moshi. Atumiaye barabarani gari lisilotimiza masharti ya kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, kinachohusu hali ya magari, anaweza, chini ya kifungu cha 58, kutozwa faini isiyozidi shilingi 400,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, au vyote viwili. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 82, inakataza kuendesha chombo kwa namna inayochafua hewa kupita viwango vilivyowekwa. Na kwa makosa yasiyotajiwa adhabu mahususi, kifungu cha 144 cha sheria hiyo hiyo kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 2 wala kuzidi milioni 4, au kifungo kisichopungua mwaka 1 wala kuzidi miaka 4, au vyote viwili. Vilevile magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka na NTSA, yaani mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, na cheti cha ukaguzi si leseni ya kutoa moshi hadi ukaguzi ujao.

Malalamiko kuhusu gari linalotembea yapelekwe kwa polisi wa trafiki au NTSA. Yanayohusu yadi ya malori, gereji au kituo kinachotoa moshi siku zote yapelekwe kwa NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, au kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa na kero nyinginezo. Afisa huyo anaweza, chini ya Sheria ya Afya ya Umma, kumpa mhusika ilani ya kuondoa kero kwa muda maalumu, na asipotii apelekwe mbele ya hakimu. Barua itaje nambari ya usajili wa gari au jina la yadi, mahali hasa, tarehe na saa, na iambatane na picha ikiwezekana. Barua iliyotiwa sahihi na wazazi mia moja bila nambari hata moja ya gari haitufikishi popote, na tunazo kadhaa za namna hiyo.

Mlalamishi si lazima athibitishe kwamba mwanawe ameshaugua. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Barua iandikwe nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na kurudishiwa mlalamishi, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayoulizwa iwapo shauri litafika mbele.