Uprofesa wa udaktari wa mifugo: kazi ipo, ila inategemea idara

Anayetaka kufundisha udaktari wa mifugo chuo kikuu huniuliza kama kuna ajira, nami humuuliza: idara gani? Kitivo kimoja kinaweza kutangaza nafasi ya fiziolojia kikapata rundo la maombi, na wakati huohuo kiti cha mtaalamu wa dawa za usingizi kikakaa kitupu mwaka mzima, tangazo likirudiwa mpaka linazoeleka.

Biokemia, fiziolojia au mikrobiolojia inaweza kufundishwa na mwenye shahada ya uzamivu ambaye hajawahi hata kumshika ng'ombe mkia. Watu hao ni wengi, wanatoka vitivo vya sayansi na hata vya tiba ya binadamu, na ushindani ni mkali. Kwenye kliniki mambo ni kinyume. Anayefundisha upasuaji au radiolojia hutakiwa awe daktari wa mifugo kwanza, halafu daktari bingwa. Piga hesabu: nchi nyingi shahada ya kwanza ni miaka 5 au 6, kisha kama mwaka 1 wa mafunzo kazini, kisha kama miaka 3 ya ubingwa, mwisho mitihani ya bodi. Ukiongeza na uzamivu, mvi zimeshaanza kuchungulia.

Aliyefika huko hagombewi na vyuo peke yake. Marekani na Uingereza kampuni kubwa zimekuwa zikinunua kliniki binafsi, na bingwa hulipwa huko vizuri kuliko chuoni. Mtaalamu wa radiolojia anaweza kukaa nyumbani akasoma picha zinazotumwa kwa intaneti kutoka kliniki asizozijua. Mtaalamu wa patholojia anatafutwa na viwanda vya dawa, maana kabla dawa haijajaribiwa kwa watu, kwa kawaida huhitajika mtu wa kuangalia kwa hadubini tishu za wanyama walioipokea.

Patholojia ndiyo fani yangu, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Chukua ini la ng'ombe aliyeugua minyoo bapa ya ini. Mwanafunzi anaona mirija ya nyongo imenenepa na kuwa myeupe, anaandika kwenye daftari, anadhani amemaliza. Namwambia akate tena, taratibu, asikilize. Mirija imeshika chokaa. Kisu kinakwaruza kama kimepita kwenye mchanga. Hapo ndipo anapoelewa kwamba ugonjwa huu haukuanza wiki iliyopita. Mkwaruzo huo hausikiki mkononi kwa kutazama video, ndiyo maana hofu ya kwamba masomo ya mtandaoni yatatupokonya kazi hainikoseshi usingizi.

Vyuo navyo vimeshikwa shingo na ithibati, yaani ukaguzi wa kuthibitisha ubora wa mafunzo. Marekani husimamiwa na baraza la elimu la chama cha madaktari wa mifugo, AVMA. Ulaya ipo EAEVE, jumuiya ya vitivo vya udaktari wa mifugo, iliyoanzishwa 1988. Wakaguzi hutazama hospitali na maabara, lakini pia huuliza kama walimu wanatosha na wana sifa gani. Kiti kikikaa kitupu muda mrefu, kinakuwa hoja ya ukaguzi. Mwombaji anayelijua hilo hukaa vizuri zaidi mezani mshahara unapojadiliwa.

Shule mpya pia zinafunguliwa, hasa Marekani, na njia yao ya haraka ya kupata walimu ni kuwavuta wa shule nyingine. Baadhi hazijengi hospitali yao wenyewe. Wanafunzi hupelekwa kujifunza kwenye kliniki za nje, utaratibu unaotumiwa na Western University of Health Sciences ya California, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza wa fani hii mwaka 2003. Kwa mtindo huo mabingwa wanaohitajika chuoni hupungua, na waratibu wa mafunzo huongezeka. Siupendi sana, lakini ajira ni ajira.

Epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa, na afya ya jamii ndiko ningemwelekeza kijana asiyependa zamu za usiku. Sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ila magonjwa hayajaisha: mwaka 2024 mafua ya ndege yaligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Marekani. Magonjwa yanayovuka kutoka kwa wanyama kwenda kwa watu huvuta ruzuku za utafiti, na ruzuku huvuta ajira, japo nyingi ni za mkataba.

Ukiitwa kwenye usaili, habari za cheo ziache kwanza. Uliza zamu za hospitali ni wiki ngapi kwa mwaka na nani hupigiwa simu usiku farasi akiumwa tumbo. Uliza kama mshahara unatoka bajeti ya chuo au kwenye ruzuku yenye tarehe ya kuisha. Nimeona wahadhiri wazuri wakiondoka si kwa sababu ya fedha, bali kwa kuwa waliahidiwa muda wa utafiti, kisha zamu zikaula wote. Bila utafiti hakuna machapisho, na vyuo vingi bila machapisho havimpandishi mtu kutoka mhadhiri mwandamizi kwenda profesa mshiriki, hata awe ameokoa farasi wangapi. Wiki hizo za utafiti ziandikwe kwenye barua ya ajira kabla hujatia saini.